Kujifunga Kibwebwe Siku ya Kawaida

Mtu akielemewa na mawazo hapa Mnarani, Kilifi, nasaha ya kwanza atakayopewa ni akalale. Mama mkwe atamwambia apumzike, jirani atamwambia apumzike, na akifika kwa daktari aliyehudumia foleni ndefu tangu asubuhi, huenda naye akamwambia hivyo hivyo. Basi hulala kweli, uso kaupa ukuta, feni inazunguka juu. Akiamka saa kumi alasiri anajiona mzito kuliko alivyolala. Kesho yake hulala tena, na wiki ikiisha kule kulala kumekuwa sehemu ya ugonjwa.

Siwalaumu wanaoshauri hivyo. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji, akawapeleka watoto shule, kisha akakaa kushona makuti mpaka jua la utosi, amechoka, na mgongo wake unadai kitanda. Lakini kuna uchovu mwingine usioondoka kwa usingizi. Huo humjia hata mtu aliyekaa kutwa bila kazi, na kila akiulaza ndivyo unavyozidi kunenepa. Makala haya ni ya mwenye uchovu wa namna hiyo, na pia ya wale wanaoishi naye nyumba moja.

Wanaotibu sonona, ule msongo wa mawazo uliokomaa ukawa maradhi, wana kanuni moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani wameigeuza juu chini. Hawamngojei mgonjwa apate hamu ndipo atende jambo. Humpa jambo dogo la kutenda akiwa hana hamu hata chembe, kwa saa inayojulikana, na hamu huachwa ije nyuma kwa wakati wake. Mwili unatangulia, moyo unafuata. Huo ndio msingi wa yote nitakayoyasema hapa chini, kwa hiyo ukisahau mengine, shika hilo.

Ushahidi upo, na si wa juzi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, wakiongozwa na James Blumenthal, walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Kundi moja lilipewa dawa, la pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, la tatu likapewa vyote viwili. Zilipotimia wiki 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Tofauti ni kwamba waliotumia dawa walianza kuona nafuu mapema zaidi. Nalitaja hilo makusudi, ili asitokee mtu akasoma hapa kisha akaenda kutupa vidonge alivyoandikiwa. Ukiwa unatumia dawa, endelea nayo, na kutembea uongeze juu yake.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Wale watu wa Duke hawakuambiwa tu "nendeni mkafanye mazoezi". Walifanya kwa kikundi, siku zao zikajulikana, na palikuwa na msimamizi aliyewangojea. Mtu asipofika, anaonekana hayupo. Nadhani nusu ya dawa ilikuwa hapo, na ndipo ninapotaka kuturudisha nyumbani, kwa sababu Pwani yetu ililijua hilo muda mrefu kabla ya Duke.

Tazama arobaini ya mzazi. Mwanamke akijifungua huku kwetu, kazi zake hushikwa na mikono mingine. Maji ya kumkanda huchemshwa na mtu mwingine, mara nyingi mama yake, shangazi yake au hawe, yaani bibi yake, yakitiwa ndani majani ya mwarobaini. Mzazi hukalishwa, kitambaa kikachovywa, kikakamuliwa, kikabandikwa kiunoni moto moto, kisha mgongoni, kisha mapajani, huku akiambiwa, "Jikaze, mwanangu, hii ya mwisho," na hiyo ya mwisho hufuatwa na nyingine tatu. Baada ya maji huja mafuta ya nazi yaliyosuguliwa kwanza viganjani mpaka yakapata joto. Anachuliwa tangu unyayo: kidole gumba cha mkandaji kinapita katikati ya wayo, kinazunguka kifundo, kinapanda nyuma ya goti. Halafu anafungwa mkaja tumboni, anapewa uji wa pilipili manga. Na mwenye kukanda, mikono yake ikiendelea na kazi, huuliza maswali madogo madogo. Umelala? Maziwa yanatoka? Mbona macho mekundu leo, umelia?

Maswali hayo yanafanana na yale ambayo muuguzi wa kliniki hufundishwa kumuuliza mama aliyejifungua ili ajue kama sonona inamnyemelea. Tofauti ni kwamba kliniki huuliza siku ya miadi, na hawe huuliza kila siku kwa siku arobaini, akiwa ameishika miguu ya yule anayejibu. Ni vigumu kumdanganya mtu aliyekushika miguu.

(Tahadhari mbili kabla sijaendelea. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo wala asifungwe mkaja wa kubana mpaka daktari amruhusu. Na maji yakiwa ya kumfanya mkandaji mwenyewe atoe mkono haraka, hayo ni ya kuunguza, yaongezwe baridi.)

Bibi harusi naye ana zake. Kwa siku kadhaa kabla ya ndoa husuguliwa singo mwili mzima, hupakwa liwa, huchorwa hina, hufukizwa udi, na watu humzunguka wakiimba. Halafu? Harusi ikiisha, singo imeisha. Siku ya arobaini na moja, wale waliokuwa wakichemsha maji wamerudi makwao, na mzazi wa jana ndiye mpishi wa leo. Tuna elimu kamili ya kuutunza mwili wa mwanamke ili moyo wake utulie, lakini tumeifungia katika majuma machache ya maisha yake. Miaka iliyobaki tunamwambia akalale.

Ninachoshauri ni kuitoa elimu hiyo katika siku za sherehe na kuileta katika siku za kawaida, kwa kiasi kidogo kinachowezekana. Mahali pepesi pa kuanzia ni kwenye chama. Karibu kila mwanamke ninayemjua kuanzia Takaungu mpaka Kilifi mjini ana chama cha kuchangishana, na hicho kina vitu viwili ambavyo mtu mwenye huzuni hawezi kujitengenezea peke yake: siku maalumu, na watu watakaouliza usipofika. Basi kabla ya kuhesabu pesa, toeni nusu saa. Wiki moja mtembee pamoja mpaka majini na kurudi. Wiki nyingine mkae wawili wawili, chupa ya mafuta ya nazi katikati, mchuane miguu kwa zamu. Wiki ya tatu mfunge leso viunoni mcheze. Asiyetaka asilazimishwe, akae apige makofi, naye ana yake. Msianze na mahubiri wala semina. Mkianza na semina, wiki ya pili watakuja nusu.

Hapo kwenye leso niseme zaidi, maana ngoma yetu ya chakacha inadharauliwa. Wengine huiona ngoma ya kuchezwa mbele ya wageni hotelini, wengine huiona utovu wa adabu. Ichezeni wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa kama mnapenda, na mtaona ni mazoezi ya viungo yasiyo na mfano kwa mwili wa mtu anayekaa sana au kuinama sana. Jifunge kibwebwe, fundo upande wa kiuno. Achanisha miguu kidogo, legeza magoti, uzito uuache uelemee vidoleni. Mabega yatulie kama vile umebeba ndoo kichwani. Kisha zungusha kiuno polepole kuelekea kulia, mduara mdogo, pumzi zikienda; ukizoea, geuza kushoto. Ukiona unabana meno, umeanza kwa kasi mno. Sehemu inayosogea hapo ni ile iliyoganda kutwa nzima: nyonga, chini ya mgongo, misuli ya tumbo. Ngoma ikiwa ya pole, bibi wa miaka sabini ataicheza na atawashinda wasichana, kwa sababu yeye hana haraka.

Kwa washonaji wa makuti nina neno la pekee. Kazi hiyo humkunja mtu kwa saa nyingi, kidevu kifuani, mabega mbele, na kifua kikibanwa hivyo pumzi huwa fupi fupi. Mtu mwenye pumzi fupi hujihisi ana wasiwasi hata kama hakuna linalomtia wasiwasi siku hiyo. Mbuzi ya kukunia nazi hufanya vivyo hivyo, na mashine ya cherehani pia. Kwa hiyo usingoje kumaliza kazi. Weka alama: kila makuti kumi yakitimia, simama, weka mikono kiunoni, rudisha viwiko nyuma mpaka mabega yakaribiane, tazama juu minazini, vuta pumzi ndefu tatu. Ni dakika moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini mwongozo huo huo uliacha sharti la zamani lililotaka kila zoezi lidumu angalau dakika kumi ndipo lihesabiwe. Siku hizi kila mwendo unahesabiwa. Hata ule wa kati ya kuti la kumi na la kumi na moja.

Sasa tuje kwenye kutembea. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kila mtu wa upande huu aliyekuwa na shughuli mjini alishuka kwa miguu mpaka majini, akangojea feri, akavuka, akapanda mlima wa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa akiita hayo mazoezi. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, hasa wenye wagonjwa. Lakini siku hizi bodaboda anakuchukua mlangoni na kukutua mlangoni, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima miguu yake haijakutana na njia.

Ile barabara ya kuteremkia feri bado ipo, na juu yake zipo ngazi zipatazo mia moja zinazopanda hadi kwenye magofu yetu ya Mnarani, yale yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Wageni hulipa nauli ya ndege kuja kupaona. Sisi tunaoishi hapa wengi tuliingia mara moja tu, na sare za shule ya msingi. Pana kaburi la mnara, pana kuta za msikiti mkuu wa karne ya 15, na pana mibuyu mikubwa iliyozeeka ambayo kivuli chake saa tatu asubuhi ni kipana cha kutosha kikundi kizima. Hekima ya ngazi hizo ni kwamba zina mwanzo na mwisho. Aliyekata tamaa hawezi kuambiwa "tembea mpaka ujisikie vizuri", maana hajui ni lini. Anaweza kuambiwa "panda ngazi thelathini, keti, tazama maji". Kesho arobaini. Mwenye presha au magoti mabovu apande na mwenzake, akishika ukingo, na kipimo chake kiwe hiki: awe anaweza kuongea akipanda, ila asiweze kuimba. Akishindwa kuongea, amezidisha.

Daraja lenyewe silipendekezi kwa matembezi ya kutuliza moyo. Malori ya Malindi yanapita na upepo wao, honi haziishi, na mtu mwenye msongo hahitaji kelele zaidi ya zile alizonazo kichwani. Teremka chini, pana utulivu.

Na ukienda ufukweni, nenda kwa saa ya maji, usiende kwa saa ya ukutani. Wavuvi wanalijua hili kuliko mimi, lakini wengi waliokuja Mnarani kwa kazi za hoteli au chuo kikuu hawalijui, kwa hiyo nitalieleza. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana asubuhi kwenye saa nne au saa tano, mchanga ukawa mpana na mgumu, mzuri kwa miguu mitupu. Siku za maji mafu, yaani zile zilizo kati ya bamvua na bamvua, saa hizo hizo utaikuta bahari imejaa mpaka chini ya majabali, na mchanga wa kutembea umebaki kidogo. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Mtu akiyafuata maji kwa wiki mbili, tayari ana ratiba ambayo hakuiandika yeye wala hawezi kuiahirisha, na kwa mwenye sonona, ambaye kuamua jambo dogo tu humchosha, hiyo ni nafuu kubwa.

Ukifika, ingia maji ya magotini, usimame. Huhitaji kuogelea. Acha wimbi likusukume kidogo, mwili wenyewe utajirekebisha usianguke, na huko kujirekebisha ni kazi ya misuli mingi kwa pamoja, kazi inayomtoa mtu kichwani na kumrudisha miguuni. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miamba na miba. Na ndani ya mkono wa bahari, maji yakianza kupwa kwa kasi, mkondo hauna mzaha. Usivuke magoti ukiwa peke yako, hata kama ulizaliwa hapa.

Kaskazi ikiwa imekaza, kati ya Januari na Machi, yote haya yafanyike mapema. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo, na kwa kuwa tuko jirani na Ikweta halibadiliki sana mwaka mzima. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huuambia mwili kwamba siku imeanza, na usiku wake usingizi huja kwa saa yake. Anayelala na pazia limefungwa mpaka saa tatu anajiibia usingizi wa usiku unaofuata. Kusi ikirudi na ubaridi wake, unaweza kuchelewa kidogo, lakini msimu wa Aprili mpaka Juni una taabu nyingine: mvua za masika, hoteli tupu, vijana wamerudishwa nyumbani bila mshahara. Ndipo mawazo yanapozidi, na ndipo watu wanapoacha kutoka nje. Kama kuna miezi ya kuyafanya haya kwa bidii, ni hiyo.

Nimezungumza na wanawake sana, na wanaume wananitazama kwa pembe ya jicho. Haya, kaka zangu. Najua mtu wa timbo anayekata mawe kutwa hatanisikiliza nikimwambia afanye mazoezi, na ana haki. Mwili wake umesogea kupita kiasi. Yeye anahitaji kinyume chake: maji ya vuguvugu, mafuta, mtu wa kumchua mabega, na kulala chali sakafuni dakika kumi miguu ikiwa juu ya kitanda. Bodaboda ni kisa kingine. Yeye husafiri kutwa na hatembei, mgongo umejikunja, masikio yamejaa upepo, na wasiwasi wa mafuta na mkopo wa pikipiki. Kwenye steji, kati ya abiria na abiria, shuka. Zunguka pikipiki mara kadhaa, nyosha mikono juu, inama uguse magoti. Mkifanya wote hakuna atakayechekwa.

Na muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi ziliipiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri hizo, na mabishano yakawa ya kodi na riziki za wakulima. Mimi siingii humo. Nasema tu kile ambacho kila mama mwenye kijana anakiona: anayetafuna ili asahau mawazo halali usiku, na asiyelala usiku huamka na mawazo yale yale yakiwa yameongezeka. Mnazi nao hulaza haraka na huamsha saa tisa usiku, moyo ukienda mbio. Sikuambii uache leo. Nakuambia ujaribu kutembea kwanza mpaka majini na kurudi, kisha uamue kama bado unavitaka.

Kwa ajili ya saa hiyo ya tisa usiku nina dawa ndogo isiyohitaji kuwasha taa. Lala chali, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, tumbo liinuke. Itoe kwa mdomo ukihesabu sita, midomo imebanwa kidogo kana kwamba unapoza uji. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukipoa, kichwa hupata taarifa kwamba hakuna hatari. Fanya hivyo kwa dakika tano. Wanaosoma nyiradi au tasbihi watatambua mara moja kwamba wamekuwa wakivuta pumzi namna hiyo miaka yote. Sitaki kuigeuza ibada kuwa mazoezi, lakini mzee anayeswali swala tano husimama, huinama na kusujudu rakaa 17 kila siku, na mwenye macho ataona faida ya magoti yake.

Kuna watakaosema haya yote ni ya watu wenye nafasi. Ada ya shule haijalipwa, mume hatumi pesa, wewe unaniambia nizungushe kiuno? Hoja hiyo naiheshimu. Kutembea hakulipi ada. Lakini mtu aliyelala uso ukutani hawezi hata kwenda kumwomba mwalimu mkuu muda wa kulipa, na aliyeamka akatembea dakika ishirini anaweza. Nimeliona hilo kwa watu wengi, na sijui njia nyingine ya kulieleza.

Tena, msongo wenye sababu huhitaji kusemwa pamoja na kutembezwa. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye msongo, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi hiyo imefika hata Zanzibar. Sisi tuna baraza nje ya kila nyumba ya zamani, na bibi hatujapungukiwa. Kinachohitajika ni bibi ajifunze kusikiliza bila kusema "wenzako wana makubwa zaidi", na bila kutaja jini au kurogwa kabla hajamaliza kusikia.

Na kuna wakati yote haya hayatoshi. Ukiona wiki mbili zimepita mtu hali, halali au analala mno, hacheki na wanawe, anasema afadhali asingekuwepo, usimwambie akatembee. Mpeleke hospitali, hata ile ya kaunti pale Kilifi mjini, ukae naye kwenye foleni. Kama usiku umeingia na unahofia atajidhuru, usimwache peke yake, na piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Familia nyingi zilikuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu hiyo haina nafasi tena. Aliyefikia hapo ni mgonjwa, na atibiwe kama mgonjwa.

Nimalizie na wale walio karibu naye, kwa sababu nikimwachia mwenye huzuni peke yake maneno yote haya, nitakuwa nimemwongezea kazi. Arobaini ilifaulu kwa kuwa kuna mtu aliyechemsha maji, mwingine akapika, mwingine akamshika mtoto. Wanawake wengi wa Mnarani wanajua wanachohitaji. Wanachokosa ni nusu saa ambayo hakuna anayewaita. Basi wewe mwenye mke, wewe mwenye mama, wewe kijana uliyekaa na simu ukumbini: kesho alasiri jua likipoa, mpokee mtoto, mpokee ndoo, geuza samaki jikoni wasiungue. Mwache ajifunge leso yake aende, na asipigiwe simu kuulizwa chumvi iko wapi.